Mapinduzi ya Cuba: mtu wa kawaida alipata nini?

Ndugu, umeuliza kama mapinduzi ya 1959 yalimgusa mwananchi au yalimng'oa tu dikteta Batista akakaa Fidel Castro. Mimi ningekuambia uangalie mwaka 1961.

Karibu robo ya watu wazima hawakujua kusoma, na vijijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Serikali ikawachukua vijana wapatao 100,000, wengi wao wasichana, baadhi hata miaka 15 hawajafikisha, ikawapeleka milimani na mashambani wakaishi na wakulima na kuwafundisha kusoma. Kila mmoja na karabai yake, kitanda cha kuning'iniza na vitabu. Mchana wanalima na wenyeji, usiku karabai inawashwa, babu mwenye vidole vigumu kwa kazi ya panga anafundishwa kushika penseli. Mtihani wa mwisho ulikuwa kumwandikia Fidel barua! Hatari nayo ilikuwepo: Conrado Benítez, mwalimu kijana, aliuawa kwenye milima ya Escambray Januari mwaka huohuo na wapinzani wa serikali.

Kufikia Desemba, zaidi ya watu 700,000 walikuwa wamejifunza, na wasiojua kusoma wakashuka hadi asilimia 4 hivi kwa hesabu ya serikali.

Siasa haikukosekana, tusidanganyane. Somo la kwanza la kitabu chao lilihusu OEA, jumuiya ya nchi za Amerika. Na hao waliofundishwa kusoma, magazeti waliyopata baadaye yalikuwa ya upande mmoja tu.