Kuzima lokesheni hakutoshi: picha ya makochi ilivyomleta mtu getini kwangu

Mdau ameuliza kama ni kweli mtu anaweza kujua unapokaa kwa picha tu, na kama ukizima lokesheni kwenye simu ndiyo umemaliza. La kwanza ni kweli, lilinikuta. La pili, hapana.

Mwaka juzi nilikuwa nauza makochi. Nikayapiga picha sebuleni, nikatangaza. Jamaa mmoja akaomba picha zenye ubora zaidi, nikamtumia WhatsApp kama dokumenti. Bei hatukuwa tumepatana, wala sikumwelekeza nyumbani. Nilimwambia niko Tabata, Dar es Salaam, basi. Jumamosi asubuhi anagonga geti. Mimi sipo, mke wangu yuko peke yake na mtoto mchanga. Jamaa hakuwa na ubaya, alikuja kuona mzigo, na nilipompigia akanieleza bila kuficha: alifungua taarifa za picha, akakuta namba za GPS, zile zinazoonyesha mahali picha ilipopigwa, akazibandika kwenye Google Maps. Usiku ule sikulala, nawaza angekuwa mtu mwingine.

Simu ikiruhusiwa, huandika ndani ya kila picha tarehe, saa, aina ya simu na mahali ilipopigwa. Taarifa hizo ndizo zinaitwa EXIF. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na taarifa zile zinaondolewa. Ukituma kama dokumenti, au kwa barua pepe, faili linakwenda lilivyo. Ndivyo alivyoumbuka John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi. Desemba 2012 alikuwa anawakwepa polisi wa Belize waliotaka kumhoji. Waandishi waliokuwa naye wakaweka picha yake mtandaoni bila kufuta namba zile, dunia ikajua yuko Guatemala, na siku chache baadaye akakamatwa huko huko.

Hilo la GPS unalimaliza kwa dakika moja kwenye mipangilio ya kamera. Linaloninyima raha ni lile lisilo na kitufe cha kuzima: kinachoonekana nyuma yako.

Mwaka 2018 BBC Africa Eye, kitengo cha habari za uchunguzi cha BBC, walichunguza video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wao wadogo. Serikali ya Kameruni ilikuwa imekana kuwa ni askari wake. Wachunguzi wakachukua mstari wa milima ulioonekana nyuma, wakaulinganisha na picha za satelaiti mpaka wakafika karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kameruni. Vivuli vya askari wakitembea vikawapa majira: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa miaka 10 jela. Pale mbinu ilisaidia haki, na naishukuru. Lakini mwenye nia mbaya anatumia macho yale yale. Japani, mwaka 2019, alikamatwa mwanamume aliyemvizia msanii wa kike kijana karibu na kwake. Alikuza selfi zake, akaona kituo cha treni kwenye mng'ao wa mboni za macho, akakitafuta kwenye Google Street View, zile picha za mitaa za Google.

Huku kwetu hata mboni hazihitajiki. Chukua picha ya mtoto siku ya kwanza ya shule: nembo kwenye sweta, nyuma yake basi lenye jina la shule. Asiyemjua ameshapata sura yake na mahali pa kumsubiri. Au picha umesimama mbele ya duka lako, namba ya simu imeandikwa ukutani: mtu akijifanya anakutumia pesa kwa M-Pesa, jina ulilosajilia linatokea kabla hajathibitisha. Ya watoto ndiyo inayoniuma zaidi. Nilifurahi Septemba 2023, ofisi ya kulinda data ya Kenya ilipoitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Sasa hivi nikiuza kitu napiga skrinishoti ya picha kwanza, natuma hiyo, haibebi GPS. Picha za safari naweka nikisharudi nyumbani. Mtoto nampiga ameegemea ukuta mtupu, sweta limevuliwa. Wewe mdau anza na picha yako ya wasifu: ikuze, angalia nyuma ya bega lako, kisha angalia kioo cha dirisha.