Kwa mnaoanza wodi ya moyo: ulizeni kwanza ni siku ya ngapi

Akipokelewa mgonjwa wa shambulio la moyo, wengi wanaoanza kazi huuliza ni mshipa gani ulioziba. Swali zuri, ila tangulizeni hili: leo ni siku ya ngapi tangu maumivu yaanze?

Mshipa ukiziba, seli za misuli huanza kufa baada ya dakika 20 hadi 30 hivi, kuanzia upande wa ndani wa ukuta kwenda nje. Chembe nyeupe za damu hufika siku hiyo hiyo, na kufikia siku ya 3 makrofaji wameshika kazi ya kula kilichokufa. Siku ya 3 hadi ya 7 ndizo za kuogopa. Tishu iliyokufa inaondolewa na kolajeni (nyuzi za kovu) bado haijashika, hivyo ukuta uko dhaifu kuliko wakati wowote. Na ndizo siku ambazo mgonjwa amechangamka, anadai ruhusa. Ukisikia moyoni mvumo ambao jana haukuwepo, au presha ikashuka ghafla, mwite daktari mwandamizi palepale, maana huenda ukuta umepasuka. Ibuprofeni na jamaa zake, yaani dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, msimpe. Uvimbe huo mnaotaka kuutuliza ndio unaojenga kovu.

Kovu lenyewe hukomaa baada ya wiki 6 hadi 8. Msilichukie, kwa kuwa misuli ya moyo karibu haizaliwi upya, na bila kovu ukuta usingeshika.

Kinachonisumbua zaidi ni misuli iliyobaki hai. Inabebeshwa mzigo wa iliyokufa, inarefuka, na ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) inatanuka hadi inakuwa duara. Kadiri inavyotanuka ndivyo ukuta unavyozidi kuvutwa, nao ukivutwa hutanuka tena. Haya huendelea kwa miezi bila mgonjwa kuhisi lolote. Mwaka 1992 utafiti wa SAVE uliwapa kaptoprili, dawa inayoupunguzia moyo mzigo, wagonjwa ambao ventrikali zao zilikuwa dhaifu lakini hawakuwa na dalili za moyo kushindwa kazi, na vifo vikapungua kwa asilimia 19. Kwa hiyo anayesema “mimi nimepona, dawa za nini?” anastahili muda wenu na maelezo kamili, hata kama foleni ni ndefu.

Anaporudi kliniki, wekeni eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kwanza na ya sasa pamoja. Msiishie kwenye asilimia ya damu inayosukumwa. Someni pia ujazo unaobaki ventrikali inapomaliza kubana, kisha uandikeni kwenye faili.