Simu Inayopigwa Danadana Kitunda

SWALI: Shikamoo babu fundi. Nakaa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, na nyumba yetu imetazama ghuba. Nafundisha Kiswahili kwa simu ya video. Wanafunzi wangu wako Ujerumani. Vistari vya mtandao vimejaa na bando lipo, lakini sauti inakatikakatika hadi mwanafunzi anabaki "halo, halo". Maji yakijaa inakuwa hivi, yakipwa inakuwa vile. Mama anasema ni mashetani ya baharini. Fundi simu wa mjini ananishauri ninunue simu ya laki sita. Niinunue?
Mwalimu wa Kitunda

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Laki sita zako zikae kwanza.

Minara ya kusini nimeipanda miaka 19, toka Nangurukuru hadi Msimbati, mpaka magoti yaliponigomea. Barua kama yako nikiiona najua ugonjwa kabla sijafika mwisho. Hivyo vistari unavyojivunia ndivyo vinavyokuponza. Una minara miwili inayokupenda sawasawa: mmoja uko mjini, na baina yenu ni maji matupu, hakuna mnazi wala bati la kuzuia, mwingine bila shaka uko nyuma yako, upande huohuo wa Kitunda. Fisi alishindwa na njia mbili. Simu yako haishindwi, inazikimbilia zote kwa zamu.

Ukiwa katikati ya maongezi, simu haijiamulii kuhama. Kazi yake ni kupima na kupeleka taarifa: "Mnara ulionishika nausikia kwa hasi 90, jirani yake hasi 86," na hapo aliye karibu zaidi na sifuri ndiye mwenye nguvu. Anayeamua ni mnara. Kwa hiyo simu ya laki sita itapima jambo lilelile kwa ufundi zaidi, kisha itapigwa danadana ileile.

Mnara nao una masharti mawili kabla ya kukukabidhi kwa mwenzake. Kwanza, jirani awe amekuzidi kwa kiasi fulani, mara nyingi desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 2 au 3. Pili, adumu hivyohivyo kwa muda fulani. Kwenye 4G muda huo unaweza kupangwa popote kati ya 0 na milisekunde 5,120, yaani sekunde tano na kidogo. Desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Ukisikia hivyo unadhani ni tofauti kubwa, lakini kiganja kikikaa vibaya kwenye simu kinazimeza zote. Muda ukipangwa mfupi, hata ukigeuka kumfukuza paka umeshahamishwa mnara.

Sasa hayo maji. Mawimbi ya mnara wa mjini yanakufikia kwa njia mbili: yanayokuja moja kwa moja, na yanayoangukia uso wa bahari kisha yakadunda kuja kwako. Yakifika kwa pamoja yanaongezana nguvu. Yakifika yakipishana yanauana. Kwenye masafa ya megahezi 1,800 wimbi moja lina urefu wa sentimita 17 hivi, na siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 na ushei. Kila maji yanaposogea, hesabu ya ile njia ya pili inavurugika, na mnara wa mjini unapanda na kushuka mbele ya macho ya simu yako. Nisalimie mama, mwambie mashetani wamesingiziwa.

Kuhama mara moja si kosa. Hukata maongezi kwa milisekunde 30 hadi 60, na sauti husafirishwa kwa vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo vinapotea viwili vitatu na sikio linasamehe. Shida ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Programu ya video inachanganyikiwa, inaanza kurundika sauti ili isubiri zilizochelewa. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linashauri sauti ya maongezi isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na safari ya Lindi hadi Ujerumani peke yake imeshatafuna sehemu nzuri ya hizo. Hauna akiba ya kuchezea.

Utaniuliza: si waongeze tu huo muda wa kusubiri? Hata sisi tulidhani hivyo. Mwaka mmoja watu wa nyumba za ufukweni Mikindani walilalamika kama wewe, wamebanwa kati ya mnara wa kilimani na ule wa ng'ambo ya ghuba. Kijana wa ofisini (kampuni siitaji) akaongeza muda wa kusubiri kwa minara jirani yote kwa mkupuo mmoja. Ufukweni kukatulia, tukapongezana. Wiki haikuisha, abiria wa daladala za kutoka Mtwara mjini wakaanza kukatikiwa simu. Nikapewa simu mbili na daftari, nikaipanda njia ile mara sita siku moja. Kondakta akaanza kunikwepa, akidhani nimetumwa kumchunguza. Kila tukikunja kona ileile ya mteremko, maongezi yanakufa. Kilima kilikuwa kimeshauziba mnara wa nyuma, na simu bado imeambiwa isubiri. Ikipotea namna hiyo, simu hujitafutia mnara upya, na hapo hatusemi milisekunde 50 tena, tunasema sekunde nzima au zaidi.

Dawa ilikuwa kurudisha muda wa zamani, kisha kuongeza ile tofauti ya desibeli kwa jozi moja tu, mnara wa kilimani na ule wa ng'ambo. Kila mnara jirani huweza kupangiwa sharti lake. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana wengi hupanga kwa jumla. Kanuni za 5G za mwaka 2020 ziliongeza ujanja: mnara unaipa simu maelekezo ya kuhama mapema, simu inaruka yenyewe sharti likitimia. Hatari ya kupotea ikipungua hivyo, mtandao unaweza kuvumilia zaidi kabla ya kuhamisha.

Wewe fanya hivi. Hamishia meza ya kufundishia chumba cha nyuma, ukuta ukae kati yako na ghuba. Unaupunguza mnara wa mjini makusudi ili wa nyuma ubaki peke yake. Pakua programu inayoonyesha namba ya mnara na nguvu yake, uangalie kama namba imeacha kubadilikabadilika. Mtu akikuuzia kikuza mawimbi kataa, kitaikuza yote miwili na utabaki palepale. Kipato kikiruhusu, ruta yenye antena ya nje iliyoelekezwa mnara mmoja itakufaa kuliko simu mpya. Na ukipiga huduma kwa wateja usiseme "mtandao unasumbua", hilo wanalisikia kutwa. Sema: "Nimekaa mahali pamoja, simu inahamahama kati ya minara miwili," uwape namba zote mbili, saa, na hali ya maji.

SWALI: Fundi, niko Newala, ukingoni mwa uwanda. Simu yangu inanikaribisha Msumbiji nikiwa shambani kwangu kwenye mikorosho. Imeingiaje huko?
Mkulima, Newala

JIBU: Ndugu yangu, ukingoni hapo unalitazama bonde la Ruvuma lote, na minara ya ng'ambo inakutazama wewe. Simu haiendi ugenini mradi inausikia mtandao wa nyumbani. Maana yake shamba lako lina bonde dogo au kisogo cha kilima ambamo mtandao wetu unafifia. Ikishavuka huchukua muda, pengine hata saa nzima, kabla ya kutafuta tena kwao. Ingia kwenye mipangilio, uzime uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, uchague wa kwako kwa mkono. Huko shimoni itakuwa kimya kabisa, basi kama unasubiri simu ya bei ya korosho, panda juu kidogo.