Paini zako zimegeuka manjano? Angalia mizizi kwanza

Mvua ikikaribia hapa Nairobi watu hujaa kwa nasari za kando ya barabara kununua miche ya paini na saiprasi, halafu miezi kadhaa baadaye simu zinaanza, "boss, paini zangu zimekuwa manjano, niweke mbolea ya DAP kiasi gani?" Mimi nauliza kwanza, uliotesha na udongo gani? Juu paini si mti wa huku, aina ya patula ilitoka Meksiko na radiata California, na kuvu zinazoishi na mizizi yake zililetwa pamoja nayo. Puerto Rico walihangaika sana na paini zikikataa, mpaka miaka ya 1950 wakaleta udongo wa paini wenye kuvu hizo kutoka Marekani ndio zikashika.

So ng'oa mche mmoja, osha mizizi polepole kwa ndoo, angalia ncha. Zikiwa fupi, nono, zimegawanyika kama herufi Y na zimevaa utando mweupe ama wa kahawia, uko sawa, kuvu iko kazini inavuta fosforasi na maji na mti unailipa sukari. Zikiwa nyembamba tupu, tafuta udongo wa juu chini ya paini kubwa yenye afya, changanya sehemu moja kwa kumi hivi na udongo wa kitalu. Omba mwenye shamba, na kama ni msitu wa serikali usiingie na gunia bila ruhusa ya KFS, shirika la misitu, tafadhali. Usichote karibu na visiki vinavyooza, hapo ndio kuvu mbaya ya Armillaria hukaa, na hiyo huozesha mizizi ya paini, saiprasi, hata majani chai.

Lakini udongo huo wa paini hausaidii saiprasi, mutarakwa wala podo! Hiyo miti inaishi na kuvu za ukoo mwingine kabisa, zinaingia mpaka ndani ya seli za mzizi, uyoga hazitoi, na bila maikroskopu huoni kitu. Uzuri ni kwamba ziko tayari kwa udongo mwingi wetu, hata kwa shamba la mahindi. Kwa hivyo jamaa akikuuzia poda ya kuvu ya "miti yote" muulize ina kuvu gani ndani, akianza kuzunguka weka pesa mfukoni.

Na mzizi mmoja hubeba kuvu nyingi kwa wakati mmoja. Kuna zile nyeusi nyeusi, kama Phialocephala fortinii, ambayo Ulaya waliidhania ni spishi moja, kumbe ni kundi la spishi zinazofanana mpaka DNA ndio inazitenganisha, na nyingi zinakaa tu humo mti ukiendelea na maisha yake. Hizo mimi sizihangaikii.

DAP nayo weka kidogo sana, fosforasi ikizidi mti unaacha kulisha kuvu, na dawa ya ukungu usimwage ovyo kwa kitalu. Siku ya kuhamisha miche funika mizizi na gunia lililolowa, jua la saa sita likiipata wazi hizo ncha zote zinakauka.