Muulize Fundi: Bando linaisha usiku, duka limefungwa

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Nina steshenari hapa Morogoro. Natoa kopi, naprinti, naskani vyeti na vitambulisho. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuja likizo akaniwekea programu ya bure ya kushushia nyimbo na muvi. Ina kisanduku cha kutafutia, unaandika jina la msanii inakuletea. Kijana karudi chuo, programu imebaki. Sasa bando langu la GB 30 halimalizi wiki mbili, na asubuhi naikuta kompyuta ya moto kama pasi, wakati jioni nazima kioo chake tu naondoka. Ni virusi? (Mama Steshenari, Morogoro)

JIBU: Pole, dada. Virusi vinaweza kuwepo, ila hata kama havipo, bando lako lingeisha vilevile. Programu za aina hiyo zinapokea na kutoa. Ulichoshusha wewe, mwenzako aliye mbali anakichukua moja kwa moja kutoka mashine yako, na mtandao unakuhesabia kinachotoka sawa na kinachoingia. Piga hesabu: data ikitoka kwa megabiti 1 tu kwa sekunde, muda wa saa 8 unaondoka na GB 3.6. Usiku nane au tisa, GB 30 kwisha, na wewe umelala zako.

Lakini bando ndilo dogo. Kilichonishtua kwenye barua yako ni hicho kisanduku. Programu yenye kisanduku cha namna hiyo kwa kawaida hugawa folda nzima, si ile muvi uliyoshusha peke yake. Siku ya kuiweka inauliza folda ipi iwe wazi, kijana mwenye haraka anabonyeza "endelea, endelea", na wewe skani zako unaziweka wapi? Kama ni folda hiyohiyo, basi kitambulisho cha mteja aliyekulipa buku kinatafutika na mtu usiyemjua.

Sikucheki, maana yalinikuta. Mwaka 2006 nilikuwa na intaneti kafe Tanga, mashine sita, nikaweka programu ya bure ya nyimbo na kuipa diski D yote. Siku moja niko mashine ya pili natafuta taarabu, sijui nini kikanituma nikaandika "barua". Ikaja barua ya kuomba kazi ya mteja wangu, na majina ya wadhamini wake na namba zao za simu, na pembeni jina la kompyuta iliyokuwa ikiitoa: yangu. Nilichomoa waya wa mtandao mbele ya wateja wanne waliokuwa wameshalipia saa.

Wala si ujinga wa Tanga. Mwaka 2002 watafiti wa maabara za HP waliwapa watu 12 programu ya Kazaa, iliyokuwa maarufu wakati huo, wakawataka waseme ni mafaili gani yako wazi kwa watu wengine. Waliopatia ni 2.

Sasa fanya hivi. Zima mtandao kwanza. Usiifute programu bado! Wengi wanakimbilia kufuta, halafu hawajui tena nini kilikuwa nje. Ifungue, tafuta sehemu inayoonyesha folda zinazogawiwa, piga picha orodha yote kwa simu. Ndipo uiondoe kupitia orodha ya programu za Windows, si kwa kufuta alama yake pale mbele. Ukibonyeza X tu, nyingi hujificha kwenye kona ya saa na kuendelea na kazi. Ukiwa kwenye orodha hiyo, ipange kwa tarehe: chochote kilichoingia siku ileile na hukijui, nacho kitoke. Vya bure havipendi kusafiri peke yao. Kisha skani kompyuta nzima kwa antivairasi, na nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwa kutumia simu, si kompyuta hiyo.

Ukikuta skani za wateja kwenye orodha, waambie. Najua ni aibu, na mmoja wawili wataondoka. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye steshenari anayeweka vitambulisho vya watu si wa kukaa pembeni nayo. Kuanzia leo, skani ya mteja ikishaprintiwa au kutumwa, ifute kabla hajavuka mlango, na ndoo ya taka ya kompyuta uimwage jioni pamoja na ile ya karatasi.

Kijana usimgombeze sana, alidhani anakusaidia. Ila likizo ijayo nyimbo zake ashushie kwenye simu yake, kwa bando lake. Na ile picha ya orodha nitumie, nataka kujua folda ya skani ilikuwemo au la.