Kipimo cha pili baada ya kinyama: msikiruke

Pole na mama, mkuu. Umeuliza kama kuna haja ya kulipia kipimo kingine, kile cha IHC, wakati majibu ya kinyama (kipande kilichotolewa kwenye uvimbe) yameshasema ni saratani ya titi, au hospitali inawakamua tu. Mwaka juzi niliuliza hivyohivyo kwa ajili ya dada yangu, tena kwa hasira kukuzidi.

Majibu ya kwanza yanasema ni saratani, basi. Dawa gani itaigusa, hayasemi. Hiyo IHC inatafuta vitu vitatu: ER na PR, yaani vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni kwenye seli, na HER2, protini ambayo ikizidi inausukuma uvimbe ukue mbio. Kinyama kilekile kimeshahifadhiwa ndani ya bloku ya nta. Wanakikata vipande vyembamba sana, wanavipaka kemikali, na penye kinachotafutwa panageuka kahawia. Mtu wa patholojia anakaa na darubini kuhesabu.

Sisi tulianza na mkosi. Hospitali moja, siitaji, ilimkabidhi shemeji kichupa akipeleke mwenyewe maabara. Ijumaa jioni, maabara imefungwa. Kikalala kwenye friji ya nyumbani pembeni ya maziwa mpaka Jumatatu. Kumbe ndani hakukuwa na fomalini, ni maji ya drip tu. Kinyama kikaharibika, dada akachomwa sindano upya. Kwa hiyo kabla hujaondoka na kichupa, uliza bila aibu: "Hii ni fomalini?" Na kifike mapema, maana hata humo kikipitisha saa 72 majibu yanaweza kupotoka.

Majibu yalipotoka: ER asilimia 80, PR ipo, HER2 2+. Hiyo HER2 ikiwa 0 au 1+ inahesabiwa haipo, 3+ ipo. Mbili ndiyo kizungumkuti, unalipia tena kipimo cha FISH, kinachohesabu nakala za jeni yenyewe. Hapo nusura niwatukane watu.

Huku tukisubiri, kwenye grupu la familia kuna aliyesoma habari za trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, drip ya kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na ili kuilipia, kiwanja chetu cha Chanika kikapata mteja siku hiyohiyo. FISH ikarudi hasi. Dawa ile isingemsaidia dada kitu. Kiwanja kipo, tumepanda mihogo.

Yeye baada ya upasuaji na kemo alipewa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kila siku, miaka mitano kwa kuanzia. Kwa kuwa ER yake ipo, kinakaa kwenye kipokezi hicho kama kijiti kilichochomekwa kwenye tundu la kufuli, estrojeni ikija haiingii. Usiku anaamka amelowa jasho, analalamika, asubuhi anameza.

Mama akitoka na HER2 3+, msikimbilie kuuza kitu. Ulizeni bima kwanza, kisha ulizeni kama kuna trastuzumabu za makampuni mengine zenye bei nafuu. WHO iliithibitisha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2019. Moyo nao upimwe kwa eko, yaani ultrasound ya moyo, kabla ya kuanza, maana dawa hiyo inaweza kuudhoofisha. Vyote vitatu vikiwa hasi, vidonge vya homoni havina kazi kwake, mtazungumza zaidi habari za kemo.

Namba ya ile bloku ya nta yenye kinyama cha mama iandike kwenye simu leo. Sisi tuliitafuta siku nne. Majibu yakitoka yaweke hapa tuyasome, ila jina la mama lifute.