Datsun 280Z iliyolala bandani: maswali yenu na majibu yangu

Tangu watu wajue nimeiamsha 280Z yangu ya 1977, simu haitulii, kila mtu ana Datsun ya mjomba wake imefunikwa turubai mahali. Kwa asiyeijua, 280Z ni lile gari la michezo la Datsun, Z ya milango miwili, iliyouzwa huku Marekani 1975 mpaka 1978, injini L28 ya lita 2.8, silinda sita, na injeksheni ya Bosch L-Jetronic, yaani mfumo wa umeme unaopulizia injini petroli badala ya kabureta. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Kaka, nimeipata ya 1976 hapa Texas, imelala miaka 12. Nifunge betri mpya nipige stata nione?

Hapana, tena weka funguo mbali kabisa usije ukashawishika. Toa plagi zote sita, mwagia oili kidogo kila silinda, acha ilale usiku mzima, kesho yake zungusha injini kwa mkono, spana kwenye bolti ya krenki (mhimili mkuu wa injini), taratibu. Ikizunguka laini bila kukwama, mwaga oili ya zamani, weka mpya, ndo tuongee mambo mengine.

Halafu tenki. Mimi nilifungua kifuniko nikanusa nikajua, petroli ikikaa miaka inanuka kama rangi ya mbao iliyochacha. Nilipolishusha tenki kikatoka kitu cheusi kinavutika kama asali, na chini kutu ya unga. Sasa fikiria pampu inavuta hiyo takataka inaipeleka kwenye nozeli za kupulizia petroli, zenye tundu dogo namna ile. Kwa hiyo safisha tenki kwanza, badilisha filta, na kabla hujaunganisha na nozeli acha pampu isukume mafuta kwenye chupa ya kioo, nje, mbali na cheche, uangalie yanakuja safi au la. Filta ya kwanza usiiamini, mimi nilibadilisha tatu.

Mpira wa mafuta wa kawaida si unatosha?

Hautoshi. Injeksheni hii inasukuma petroli kwa presha ya kama paundi 36 kwa inchi ya mraba, ule mpira wa kabureta utapasuka au utachomoka juu ya injini ya moto. Nunua ulioandikwa kuwa ni wa injeksheni, na vile vipande vifupi vya kwenye nozeli badilisha vyote hata kama kwa macho ni vizima. Na weka mtungi wa zimamoto karibu, sitanii.

Stata inapiga vizuri, cheche ipo, ila nozeli hazipigi hata moja. Fundi kasema kontroli boksi imekufa nitafute nyingine.

Pole ndugu yangu, ila usitoe hela bado. Kontroli boksi, ule ubongo wa umeme wa injeksheni, ndo mtu wa kwanza kusingiziwa na wa mwisho kuwa na kosa. Mfumo huu ni wa kizamani, nozeli zote sita zinapiga kwa pamoja, na boksi inajua injini inazunguka kupitia ule waya unaotoka upande wa hasi wa koili ya cheche. Waya huo ukikatika, cheche utaiona lakini petroli hutaiona, fundi anabaki kukuna kichwa. Uanze hapo. Kisha relei (swichi ya umeme ya mfumo), kisha nyaya za athi (earth) za injini, kisha soketi moja moja.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Nikachomoa soketi ya nozeli ya tatu, ile plastiki ikavunjikia mkononi, na ndani pini zina ukungu wa kijani kama sarafu iliyookotwa baharini. Zote sita ziko hivyo! Nikanunua soketi mpya, nikasafisha pia soketi kubwa ya kontroli boksi kwa dawa ya kusafishia umeme, ikapiga siku hiyohiyo. Kujua kama nozeli inapiga weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake, mpini sikioni, utasikia tik tik tik. Usiijaribu kwa kuipa moto wa betri moja kwa moja, kwenye gari kuna resista zinazopunguza umeme, ukiziruka utaunguza koili ya nozeli.

Inawaka, ila moshi mweusi na inanuka petroli mtaa mzima.

Sensa ya joto la maji, ile ya kontroli boksi, siyo ya geji ya dashibodi, watu wanazichanganya. Ikichomoka au waya ukikatika boksi inadhani kuna baridi ya ajabu, inamwaga mafuta tu. Pima kwa mita: injini ikiwa baridi kwenye nyuzi 20 inatakiwa kama ohm 2,500, ikipata moto nyuzi 80 inashuka hadi kama 300. Ikiwa nzima, angalia nozeli ya saba, ndiyo ipo ya saba, ya kuwashia asubuhi ya baridi, nayo ikivuja inakunywesha injini muda wote.

Nipo Nairobi, babangu alikuwa mshabiki wa Safari Rally. Zile Z zilishinda na kabureta, kwa nini usiing'oe injeksheni tu?

Mzee wako yuko sahihi, ila hizo zilikuwa 240Z, Z za mwanzo zenye kabureta, ya Edgar Herrmann 1971 na ya Shekhar Mehta 1973, na porini kabureta unaifungua na bisibisi chini ya mti. Lakini mimi sitoi. Mtu anang'oa injeksheni nzima kwa sababu ya soketi yenye kutu, ananunua kabureta za bei mbaya, halafu miezi sita yote anazitafutia sailensi, yaani injini itulie gari likiwa limesimama.

Yangu sailensi inapanda inashuka, inataka kuzima.

Hewa inaingia kwa mlango wa uani. Kwenye L-Jetronic hewa yote lazima ipite kwenye mita ya hewa, ikiingia pengine boksi haiihesabu na mafuta yanakuwa pungufu. Injini ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili. Ikitetemeka au ikazima, vizuri, haikuwa na tundu kubwa. Isipobadilika kitu, tundu lipo, anza na ule mpira mkubwa kati ya mita na throtoli (mlango wa hewa wa injini), ukunje kwa mikono uangalie kwenye mikunjo, yangu ilikuwa na ufa upande wa chini ambao huuoni mpaka uutoe.